Jumba la Mlango Mwekundu

Hapo zamani za kale, nyumba ilipokuwa bado mahali pa kulala na si kitu cha kuringia, wanyama wa Kilima Mawe walikuwa kila mmoja na shimo lake. Nyamazeni, wanangu. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, maana leo nawasimulia kiumbe ninayemdharau kwa moyo wangu wote.

Kiumbe huyo ni Fisi.

Fisi alirithi pango kwa babake. Pango la jiwe tupu, kavu masika na kiangazi, pana kiasi cha kuchezea ngoma. Babu yake alizaliwa humo, akazeeka humo, akafa humo bila kulowa hata sikio. Je, Fisi aliridhika? Thubutu!

Siku moja alimsikia Kasuku akipiga kelele juu ya mti.

"Njooni, njooni! Tajirikeni kwa nyumba bila kujenga hata moja! Somo la mchana mmoja tu! Ada ni pakacha la karanga!"

Fisi, ambaye hajawahi kumpelekea mama yake hata mfupa mkavu, alihangaika mpaka akalipata pakacha la karanga. Akaketi chini ya mti, mdomo wazi, mate yakichuruzika, chu chu chu.

"Sheria ya kwanza," Kasuku akasema. "Mwenye nyumba mtishe, mnunuzi mchekee."

"Eee!" Fisi akaitikia.

"Sheria ya pili. Nyumba haiuzwi. Kinachouzwa ni mlango."

"Eee, mwalimu!"

"Sheria ya tatu, na hii ni ya wataalamu. Usiingie ndani! Ukiingia utaona ubovu. Ukiona ubovu utashika jembe. Ukishika jembe, wewe si tajiri tena, umekuwa kibarua."

"Lo! Maneno ya dhahabu!"

Mwenye akili angeuliza, "Mwalimu, wewe mwenyewe una nyumba ngapi?" Fisi hakuuliza. Kasuku alikuwa akijisitiri kwenye tundu la Kigogota, yule ndege anayetoboa miti, na Kigogota alikuwa keshamwambia mara mbili ahame. Lakini nani anamuuliza mwalimu maswali wakati anaahidiwa utajiri?

Fisi alianzia kwa Mzee Nungunungu, aliyekuwa mkongwe na macho yake mabovu.

"Hodi, Mzee! Shikamoo!"

"Marahaba. Fisi leo umekuja na shikamoo? Kuna msiba?"

"Bado, ila wako uko njiani. Hebu tazama ufa ule kwenye dari yako! Masika yakianza, dari itakuangukia, puuu! Tutakufukua kiangazi."

Mzee akakodoa macho. Aliona kitu cheusi kimepita darini, kweli. Ulikuwa mzizi, wanangu. Mzizi uliokuwa ukiishikilia dari hiyo tangu ujana wake. Lakini mzee akishatishwa hana usingizi, na siku ya pili yake aliiuza nyumba kwa mfupa mmoja wa kutafuna, akaenda kulala chini ya kichaka.

Fisi hakugusa chochote ndani. Alikandika mlango kwa udongo mwekundu, akachora maua ya chokaa pembeni, kisha akamwita Ngiri.

Ngiri mnamjua. Shingo nene, kifua kipana, meno mawili yamepinda kama mundu. Nguvu anazo. Akili, mmh, Mungu hampi mmoja vyote. Na ukoo wao una desturi yake: Ngiri huingia nyumbani kinyumenyume. Hutanguliza makalio, uso ukabaki mlangoni, ili adui akija akutane na meno. Kwa vita ni jambo jema. Kwa mnunuzi wa nyumba ni balaa, kwa sababu Ngiri hajawahi kuona ndani ya nyumba yake tangu azaliwe. Anachokijua ni mlango.

"Alaa! Mlango huu!" Ngiri akasema, akageuka, akaingia kwa makalio. "Na maua haya! Ndugu yangu Fisi, nimeipenda!"

"Na ndani je?" Fisi akauliza, huku akijizuia kucheka.

"Ndani ni ndani tu, bwana. Taja bei."

Akalipa mafuvu mawili ya nyati aliyoyafukua mtoni. Haikupita wiki, udongo wa nyuma ukamomonyoka, Ngiri akaanza kubanwa. Mnajua alimwambia nini mkewe?

"Mke wangu, nahisi nimenenepa."

Akaacha kula viazi! Mnyama mzima ananyimwa nafasi na nyumba yake, anajinyima chakula. Ndiyo maana nawaambia, nguvu za shingo si nguvu za kichwa.

Fisi alipoona mambo yamekubali, hakushikika. Akawatisha nguchiro wawili, akawatoa kwenye mashimo yao kwa mfupa mmoja mmoja. Wakahamia na wake na watoto wao kwa shemeji yao, Bi Nguchiro, mjane aliyekaa kwenye kichuguu kikuukuu. Bi Nguchiro ni mdogo, angetosha ndani ya kiatu cha baba yenu. Sasa ndani ya kichuguu hicho walikuwa nguchiro ishirini na wanane. Walilala kwa zamu.

Na mawingu ya masika yalikwishaanza kukusanyika pale Fisi alipofika mlangoni, akitembea kwa madaha.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Bwana Fisi. Shikamoo."

"Marahaba. Bi Nguchiro, nakuonea huruma. Kichuguu hiki kina ufa."

"Ni mlango huo, Bwana Fisi."

"Usibishane na mtaalamu! Kesho kutwa, jua likifika utosini, nakuja na jembe nipanue mlango huu, niupake rangi, nimuuzie Ngiri. Ukikubali, mfupa wako huu. Ukikataa, nitakikalia kichuguu hiki, wewe na wanao mkiwa ndani."

Hakuwa akitania. Watoto watatu wa Bi Nguchiro walisikia kila neno, wakajibanza ukutani. Mama yao naye aliogopa. Naam, aliogopa sana. Lakini kuogopa ni kitu kimoja na kupumbaa ni kingine.

"Kesho kutwa mbali, Bwana Fisi," alisema, akatoa sauti ya mtu aliyechoka. "Chukua hata leo. Mimi humu nimechoka kubanana. Nahamia kwenye lile jumba la Muhan..."

Akajiziba mdomo. Pa!

"Jumba la nani?" Masikio ya Fisi yakasimama.

"Aa, hakuna! Ulimi tu huu!"

"La Muhanga? Muhanga yule fundi wa kuchimba?"

"Bwana Fisi, nakusihi, usinifanyie hivyo. Amenipa mwenyewe, kwa wema wake. Nikikuonyesha utalitaka."

"Nitalitaka? Mimi?" Fisi akameza mate. "Kesho asubuhi unanipeleka."

Alipoondoka, Bi Nguchiro alikimbia, tititi, mpaka kwenye kichaka cha Mzee Nungunungu.

"Babu, unaitaka nyumba yako?"

"Mjukuu wangu, nimeshakumbuka kuwa ule ufa ni mzizi tu. Nautaka hata huo peke yake."

"Basi inuka. Nina kazi na sauti yako."

Sasa sikilizeni vizuri. Muhanga ni fundi kweli, lakini hata fundi hukosea. Huchimba hapa akakuta jiwe, akaacha, akaenda kuchimba kule. Ubavuni mwa kilima aliacha shimo moja la namna hiyo: mdomo mpana wa kifahari, na ndani, urefu wa mkono mmoja tu, mwamba. Alipoombwa na Bi Nguchiro alicheka.

"Lile shimo? Lichukue, mwanangu. Labda utaanikia dagaa."

Nguchiro ishirini na wanane walifanya kazi hiyo alasiri nzima. Walikandika mlango kwa udongo mwekundu, wakausugua kwa jiwe laini mpaka ukang'aa. Walipiga chokaa pembeni. Walitandika nyasi kavu kizingitini. Kisha Bi Nguchiro akachukua masizi, akaingia ndani, akaupaka ule mwamba kuanzia juu mpaka chini, mweusi tii. Ukisimama nje ukachungulia, ungeapa kwamba giza lile linaendelea mpaka mwisho wa dunia.

Mzee Nungunungu alikaa nyuma ya mwamba, upande wa pili wa kilima, penye ufa mwembamba wa kupitisha sauti.

Asubuhi Fisi akaja na Kasuku wake begani. Kuna mtu anakwenda kununua nyumba bila mwalimu?

"Lo, lo, lo!" Fisi akasema. "Mlango gani huu!"

"Mlango gani huu!" Kasuku akarudia.

"Karibu ndani uone, Bwana Fisi," Bi Nguchiro akasema.

"Ndani? La. Mwalimu wangu amenikataza. Kuna vyumba vingapi?"

"Sisi tulichoka kuhesabu. Babu yangu Nungunungu yumo huko nyuma tangu jana, anafagia. Mpigie hodi."

"Hodiii!" Fisi akanguruma.

Wakasubiri. Kisha, kutoka mbali, mbali kabisa, kikaja kisauti chembamba kupitia ufa.

"Karibuuu... Nimesikia... Nakujaaa... ila nipo chumba cha saba... naomba subira, njia ni ndefuuu..."

Fisi akashika kifua. "Chumba cha saba!"

"Bwana Fisi, ingia japo hatua mbili," Bi Nguchiro akasema kwa mara ya pili. "Nyumba hutazamwa ndani. Sitaki lawama kesho."

"We mama, unanifundisha kazi? Mtaalamu haingii ndani! Sema bei."

"Siliuzi. Watoto wangu watalala wapi?"

"Mfupa!"

"Hapana."

"Mifupa mitano! Kumi! Na kichuguu chako sikitaki tena, kaa nacho!"

"Wanangu hawali mifupa, Bwana Fisi. Wanataka pa kulala pasipovuja." Akainamisha kichwa, akachorachora mchanga kwa kidole. "Labda kama tungebadilishana... Lakini utakubali wapi? Wewe una pango la marehemu babako."

Fisi akasita. Nitamtendea haki hapo: alisita. Aliliwaza pango lile kavu, na baba yake aliyemwambia siku ya mwisho, "Mwanangu, uza vyote ila hili." Akamtazama Kasuku.

"Mwalimu, unasemaje?"

"Pango ni mtaji uliolala," Kasuku akajibu. "Mtaji haulaliwi! Mtaji haulaliwi!"

Basi! Maneno ya baba yakaisha hapo hapo.

"Nakubali," Fisi akasema. "Pango langu kwa jumba hili."

"Kwa mara ya mwisho, ingia uone," Bi Nguchiro akasema, akasogea pembeni kumpisha.

"Kwa mara ya mwisho, siingii! Na hakuna kurudishiana!"

"Kasuku ni shahidi?"

"Kasuku ni shahidi."

Mara tatu, wanangu. Mara tatu aliambiwa aingie. Halafu watu wanasema Bi Nguchiro ni mwongo!

Adhuhuri hiyo hiyo nguchiro ishirini na wanane waliingia pangoni kwa mstari, vikapu kichwani, watoto mgongoni. Na Fisi hakupoteza muda, akamwita Ngiri.

"Ndugu yangu! Nina kitu cha wakubwa. Vyumba saba, kazi ya mikono ya Muhanga."

Ngiri akauona mlango, akashangilia. "Ndiyo hii! Kule nimenenepa mno, nahitaji nafasi."

"Leta mafuvu kumi na mguu mzima wa nyati, nyumba yako."

Ngiri aliyaleta yote aliyokuwa nayo. Fisi akaketi palepale njiani, akala, kwa! kwa! kwa! mpaka tumbo likawa ngoma. Ngiri naye alikwenda kumwita mkewe, wakahamisha vitu vyao, wakavirundika nje ya mlango mpya, wakaiacha tupu nyumba ya Mzee Nungunungu. Mzee hakungoja kuambiwa mara mbili. Alikokota miguu yake, akaingia kwake, akautazama mzizi wake darini, akalia. Kisha akafagia udongo ulioanguka, akageuza mgongo mlangoni, kama nungu walivyo, akalala.

Jioni mbingu zikapasuka. Ngurumo, gu-du-du-du! Mvua, shaaa!

"Mke wangu, tuingie jumbani!" Ngiri akasema. "Nitangulie mimi nikupashie joto."

Akageuka kwa heshima zote, akatanguliza makalio, na kwa kuwa vyumba ni saba, akajitupa kwa nguvu zake zote.

Pwaaa!

"Uwi! Mama yangu!"

Makalio yamefika ukutani, na kichwa, shingo, kifua na miguu ya mbele vyote viko nje, vinanyeshewa.

"Mume wangu, umenenepa kiasi hicho?" mkewe akauliza.

"Sijanenepa!" Ngiri akafoka, na hiyo ndiyo siku ya kwanza maishani mwake kuelewa jambo. "Tumeuziwa mlango! Twende zetu kule kwetu kwa zamani!"

Wakakimbia kwenye matope, chubwi chubwi, mpaka nyumba ya maua ya chokaa. Mlango ulikuwa palepale. Ngiri angeweza kuchungulia. Angeweza hata kubisha hodi. Lakini desturi ni desturi, na mvua inapiga. Akageuka, akatanguliza makalio.

Ndani kulikuwa na mgongo wa Mzee Nungunungu, na miiba yote imesimama.

"Yalaaa! Yalaaa! Nimekufa! Nimechomwa!"

"Nani huyo anaingia kwa watu bila hodi?" sauti ya mzee ikauliza toka ndani.

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Ngiri aliyaona ya nyuma kwelikweli usiku huo. Alitoka na miiba kumi na saba makalioni, macho yamemwiva, na neno moja tu mdomoni.

"Fisi! Fisi yuko wapi?"

Fisi alikuwa ameamshwa na mvua, tumbo limemjaa, na miguu ikampeleka ilikozoea. Mlangoni pa pango aliona mwanga wa moto, akasikia watoto wakicheka.

"Hodi! Fungueni, nalowa!"

"Nani?" Bi Nguchiro akauliza.

"Mimi, mwenye nyumba!"

"Mwenye nyumba tuko naye ndani, anakunywa uji."

"Bi Nguchiro, dada yangu! Nipe hata pembe moja nijibanze!"

"Kwani lile jumba la vyumba saba?"

"Nimeshaliuza!"

"Hongera, Bwana Fisi. Umeshakuwa tajiri. Tajiri anakuja kuomba pembe?"

"Ulinidanganya!" Fisi akanguruma, akaingiza kichwa pangoni. Kukatokea vichwa ishirini na wanane, meno nje, tssss! Akakitoa kichwa haraka. Juu ya mti Kasuku alikuwa amelowa chapachapa, kwa maana Kigogota alimtoa siku hiyo hiyo, naye hana ajualo ila kurudia aliyoyasikia.

"Mtaalamu haingii ndani! Hakuna kurudishiana! Mtaalamu haingii ndani!"

Hapo wakasikia vishindo gizani. Du! Du! Du! Na sauti: "Fisiii!"

"Ni Ngiri!" Fisi akalia. "Ataniua! Bi Nguchiro, nifiche, nakusujudia!"

"Mimi sina roho mbaya," Bi Nguchiro akasema. "Kichuguu changu kiko tupu. Ulikitaka jana, chukua leo, bure, hata mfupa sitaki. Kimbia."

Fisi akakimbia. Alifika, akajitupa mlangoni pa kichuguu kwa kasi yote, na kichwa kikaingia. Mabega je? Wapi! Ni nyumba ya nguchiro, wanangu. Alitaka kuwatoa watoto wa watu ndani yake, akaapa kuikalia, na hakuwahi hata siku moja kuchungulia aone inatosha nani. Akasukuma, hakuingia. Akavuta, hakutoka. Kichwa ndani, kikavu. Kiwiliwili chote nje, kwenye mvua, mkia ukipepea.

Na Ngiri akaja. Safari hii, kwa mara ya kwanza katika ukoo wao, alitanguliza meno.

Sitawaeleza zaidi, mtaota vibaya. Nawaambia tu kwamba masika yale nguchiro ishirini na wanane walilala wote kwa pamoja, bila zamu, na hakuna sikio lililolowa.

Anayenunua mlango, mvua humkuta mlangoni.